Tulipanda mlima kwa skii huko Utah, neno moja likanikwama kooni (uzi mrefu kidogo)

NdiziMshare (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa maisha ya ughaibuni kuna mtu aliniuliza kama kweli Mchaga mwenye akili timamu anaweza kuacha blanketi saa kumi usiku, akaenda kupanda mlima wa theluji kwa miguu yake mwenyewe ili tu apate kuteleza kushuka. Anaweza. Huu ni msimu wangu wa nne. Leo nawaletea siku moja tu, Jumamosi ya Februari. Imenikaa kichwani na sijapata pa kuitua.

Kwanza mjue nilipo. Naishi Salt Lake City. Upande wa mashariki wa mji milima ya Wasatch imesimama kama ukuta wa boma, na ndani ya ukuta huo yamechimbika mabonde mawili maarufu, Little Cottonwood na Big Cottonwood. Theluji ya huku haina adabu. Msimu wa 2022/23 kijiji cha Alta kilipimiwa inchi 903, karibu mita 23. Haikurundikana yote kwa pamoja, maana hulala na kujishindilia, ila ukijumlisha iliyodondoka ndiyo hiyo. Na ni kavu, nyepesi. Ukiishika kiganjani ukapuliza, inaondoka kama pumba.

Watu wengi hulipia viti vya waya vinavyowapandisha juu wakiwa wamekaa. Njia zao zina walinzi, na kabla jua halijachomoza kuna watu wanapita kulipua theluji mbovu. Sisi hatwendi huko. Tunakwenda mlima mtupu. Chini ya skii, vile vibao virefu vya kufunga miguuni, unabandika ngozi. Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Manyoya yamelalia nyuma, kwa hiyo ukisukuma mguu mbele yanateleza, ukitaka kurudi nyuma yanagoma. Kisigino kinaachwa huru ili uweze kutembea. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Saa tatu nne za jasho kwa dakika kumi za raha. Najua mnachowaza, hata mama yangu aliwaza hivyo hivyo.

Tulikuwa wanne. Mzee, Mmarekani wa miaka sitini na ushee, amezunguka milima hii tangu mimi sijazaliwa, na ndiye aliyenifundisha. Dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, Mmarekani pia, mwepesi kama swala. Dada wa Bukavu, nesi, aliyekulia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma kabla ya kuletwa huku, yeye ndiye ninayeongea naye Kiswahili mlimani. Na mimi, fundi umeme, wa mwisho kwa umri na kwa ujuzi.

Naendelea baada ya chai.

Chura wa Msasani

Nimechukua siti ya mbele. Ila mkuu, hiyo hesabu ya saa nne kupanda na dakika kumi kushuka inanikumbusha foleni ya Mbagala.

MamaKayai

Mleta uzi usituache hewani kama wale wengine. Halafu swali: hivyo vifaa bei gani? Mwanangu yuko Denver kaanza kuniomba hela ya "vitu vya mlimani".

NdiziMshare

MamaKayai, mama yangu, vifaa vipya ni mshahara. Mimi skii, viatu na fito za mkononi nilinunua mtumba, huku nako mtumba upo. Ila kuna kitu kimoja usimruhusu anunue mtumba bila fundi kukiangalia, nacho ni bikoni. Ni kiredio kidogo unachojifunga kifuani, kinatuma mawimbi ya kilohezi 457 muda wote. Ukifukiwa, wenzako wanageuza vyao viwe vya kupokea, wanakutafuta kwa mlio na mishale. Pamoja na bikoni kuna ufito wa kukunja wa kuchomea theluji, na beleshi. Vitu vitatu. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki ni mzigo tu, maana kujua mtu yuko wapi bila kuwa na cha kumfukulia ni kumsikiliza akifa.

Sehemu ya pili.

Kila asubuhi wakati wa msimu, kituo cha Utah Avalanche Center hutoa taarifa ya hali ya theluji. Tunaisoma kabla hatujafunga viatu. Hatari imepangwa madaraja matano, kijani, njano, chungwa, nyekundu na nyeusi. Siku ile ilikuwa chungwa, daraja la tatu, kwa miteremko inayotazama kaskazini na mashariki kule juu. Hili la tatu ndilo linaloua sana. Nyekundu inatisha, watu wanabaki nyumbani. Chungwa inaacha mlango wazi kidogo, na kila mtu anajiona mwembamba wa kupita.

Sababu ya uchungwa ilikuwa hii. Mwanzoni mwa msimu theluji ilianguka kidogo halafu ikakata kwa wiki kadhaa. Theluji nyembamba ikakaa katikati ya ardhi yenye joto la sifuri na hewa ya baridi kali. Mvuke ukawa unapanda kutoka chini kwenda juu, na chembe zikabadilika, zikawa punje zenye pembe, hazishikani. Wenyeji huiita theluji ya sukari, na ndivyo ilivyo, ukiichota inamwagika katikati ya vidole. Baadaye dhoruba zikaja, zikaweka theluji nzito juu yake. Chukua trei, mwaga sukari, laza juu yake daftari kubwa, kisha inua trei upande mmoja polepole. Daftari likiondoka, linaondoka lote kwa mpigo. Ndilo poromoko la aina ile tunayoiogopa, ubao mzima unakatika, na mara nyingi wewe uko katikati ya ubao.

Mwinamo nao una sheria yake. Chini ya nyuzi 30 kwa kawaida ubao haupati nguvu ya kuondoka. Kati ya 30 na 45 ndipo maporomoko mengi hutokea, yamejazana zaidi kwenye 38 hivi. Bahati mbaya, nyuzi 38 ndizo hizo hizo tamu kuteleza. Mungu alipopanga hili sijui alikuwa anatupima au anatucheka.

Tuliegesha magari Mill D South, bonde la Big Cottonwood, giza bado. Nyuzi joto hasi 14. Mwalimu alisimama njiani, sisi tukapita mbele yake mmoja mmoja akikagua bikoni ya kila mtu kama inalia. Halafu tukaanza kupanda Cardiff Fork.

Njia ya chini ni barabara ya zamani ya wachimba madini, imelala vizuri, unaweza kutembea na kupiga soga. Huko juu, ng'ambo ya ukingo, ndiko Alta, iliyoanza kama mji wa wachimba fedha miaka ya 1870. Walikata misitu yote ya mteremkoni kupata nguzo za migodi, kisha wakashangaa theluji inawafuata hadi vitandani. Walikufa kwa makumi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimpeleka pale askari aliyerudi vitani, Monty Atwater, akae aichunguze theluji, na mwaka 1949 wakaanza kuipiga milima kwa mzinga wa Kifaransa wa milimita 75. Hadi leo Alta ina sheria kwamba hali ikichafuka hakuna kutoka ndani ya nyumba. Hata kwenda kwenye gari lako. Ukionekana nje unakamatwa.

Mzee hupenda kuisimulia habari hii kila tukipita kwenye mabaki ya mgodi. Tunamwacha aisimulie.

Dokta Feki

Mkuu nimesoma yote lakini bado sijaelewa kwa nini mtu mweusi ahangaike na haya mambo. Theluji na sisi wapi na wapi.

Wa Eldy

@Dokta Feki acha hizo. Philip Boit wetu alikimbia na skii Nagano mwaka wa 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie akakataa kuondoka, akamngoja pale mwisho ndio amkumbatie. Mkenya wa kwanza kwa Olimpiki ya barafu huyo. 2018 Sabrina Simader naye akaenda Pyeongchang, huyo ni wa kuteremka milima. Sisi hatujaanza jana bwana.

Endelea mleta uzi, hawa usiwajibu.

NdiziMshare

@Dokta Feki, nimezaliwa Machame. Nikifungua dirisha naiona theluji kabla ya kuona jirani. Tulipokuwa watoto mvua za masika zikinyesha, tulikata mgomba, tukakaa juu ya gogo lake na kuteremka nalo kwenye tope hadi mtoni, na viboko tulivyopata kwa ajili ya kaptula bado navikumbuka. Huku nimebadilisha gogo tu.

Sehemu ya tatu, ndiyo penyewe.

Ilipofika saa tatu asubuhi tulikuwa tumetoka kwenye misonobari, tumefika kwenye uwanja wa juu wa bonde. Jua lilikuwa limeshawaka juu ya kilele cha Mount Superior. Mkono wa kulia kuna beseni kubwa la mlima, limelala chini ya ukingo, linatazama kaskazini-mashariki. Jeupe, halina alama hata moja. Wakuu, sijui niwaelezeeje. Kama umewahi kuingia mskitini au kanisani asubuhi sana kabla mtu hajafika, mazulia yamenyooka, ukasita kuweka mguu. Halafu mguu wenyewe unawasha.

Mpango ulikuwa tupite ubavuni, kwenye mgongo wenye miti, tukachimbe shimo la kupima theluji karibu na juu, na ikikubali tushuke beseni mmoja mmoja. Mzee alikuwa amelitazama beseni hili wiki nzima. Alishalishuka mara nyingi miaka ya nyuma, na safari ile alitaka kutuonyesha. Hakusema hivyo ila ungeona namna alivyotangulia.

Tulikuwa tumeachana nafasi, mita hamsini sitini kati ya mtu na mtu, kama inavyotakiwa. Mimi wa mwisho. Tunakatiza ule uwanja chini ya beseni, tambarare kabisa, hata mtoto angetembea. Ndipo nikasikia.

Si mlio mkubwa. Ni kama mtu chumba cha pili kadondosha gunia la mahindi sakafuni. Wuumfu. Na wakati huo huo nikahisi theluji chini yangu imeshuka kama sentimita mbili, yote kwa pamoja, na ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye ncha ya skii yangu kama mita tatu hivi, ukapotea.

Nilijua maana yake. Nilifundishwa darasani, nikaonyeshwa picha. Maana yake sukari imevunjika chini yako. Na likivunjika tambarare, lile tabaka linaweza kupeleka mvunjiko hadi mteremkoni, likakuangushia mlima wewe uliye chini. Huhitaji kuwa juu yake. Unaweza kulivuta kwa chini, kama mtu anayevuta kitambaa cha meza.

Wenzangu hawakusikia. Walikuwa mbele, upepo unawapiga masikioni.

Nikanyamaza.

Nikanyamaza kama dakika ishirini. Nikatembea nikiwafuata, nyayo kwa nyayo, mdomo umekauka. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu huku nikiwasimulia Wamarekani wananiangalia kama mwendawazimu. Yule ni mzee. Amenifundisha. Gari tulilokuja nalo ni lake, kahawa tuliyokunywa ni ya mkewe. Amekuwa mlimani miaka thelathini, mimi minne. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya watu, akiona jambo atamfuata baadaye pembeni, kwa maneno ya kuzunguka. Nikajiambia, huenda nimesikia vibaya. Nikajiambia, kama lingekuwa kubwa yeye angeshajua. Nikajiambia tutachimba shimo, shimo litasema, mimi nisiwe msemaji.

Tulipofika kwenye miti tukasimama kunywa maji. Mzee ana desturi, kila kituo anauliza: kuna mtu ana neno? Kanuni ya kundi letu ni kwamba mmoja akisema hapana, basi wote tumesema hapana, na haulizwi sababu mara mbili. Mwalimu akasema yuko sawa. Dada wa Bukavu akasema yuko sawa. Mimi nikasema niko sawa.

Nikasema niko sawa, wakuu.

Mpagazi Mstaafu

Samahani kuingilia, sijamaliza kusoma lakini nimeshindwa kukaa kimya.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, njia ya Machame na Lemosho. Hilo la "niko sawa" nalijua kuliko jina langu. Unapanda kutoka kambi ya Barafu usiku, kichwa kinapasuka, unatapika nyuma ya jiwe ili kiongozi asikuone, kwa sababu akikuona utateremshwa na safari ijayo hutaitwa. Kiongozi anauliza, nyie vijana mko sawa? Wote: sawa mkuu! Mzungu aliyelipa anaulizwa kila saa, anapimwa oksijeni kidoleni. Sisi tunaulizwa kwa pamoja, na swali la pamoja jibu lake ni moja tu.

Januari 2006 pale Arrow Glacier, njia ya Western Breach, mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yaliachia, yakaua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ikafungwa kwa muda. Baada ya hapo ndipo nikaona watu wanaanza kuongea kuhusu lile korongo kwa sauti. Kabla ya hapo kila mpagazi aliliogopa, lakini tuliongelea jikoni, tukimenya viazi.

Endelea kijana.

Chura wa Msasani

Aisee. Huu uzi umebadilika.

NdiziMshare

@Mpagazi Mstaafu, shikamoo. Umesema kitu ambacho sikuwa na maneno yake. Swali la pamoja.

Naendelea. Aliyeniokoa ni dada wa Bukavu. Alinitazama nikifunga chupa ya maji, akaona mkono unatetemeka, na si baridi. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Kaka, uko na nini? Sema tu." Nikamwambia kwa Kiswahili. Ilikuwa rahisi ajabu kwa Kiswahili, kana kwamba tunasengenya. Nilitaka abaki nalo. Hakubaki nalo. Akageuka, akawaambia kwa Kiingereza, moja kwa moja: amesikia theluji imevunjika, kule kwenye uwanja.

Mzee hakubisha. Alivua begi, akatoa beleshi, akachimba palepale kwenye upande wa mteremko mdogo unaotazama kama beseni. Mita moja na nusu kwenda chini. Akakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90, na sentimita 30 kutoka mbele kwenda nyuma, akalaza beleshi juu yake upande mmoja, akaanza kugonga. Mara kumi kwa kiganja kutoka kwenye kifundo. Kimya. Akaendelea kwa mkono kutoka kwenye kiwiko, moja, mbili, tatu. Kwenye pigo la 13 nguzo yote ikakatika kwa mkupuo, kuanzia upande huu hadi ule, na ubao wa sentimita 70 ukateleza ukaangukia magotini kwake. Kule ulikokatika palikuwa na mstari wa kijivu. Akaingiza kidole, sukari ikamwagika.

Alikaa pale amechuchumaa kwa muda. Halafu akaniuliza, ulisikia saa ngapi? Nikamwambia, kama dakika ishirini zilizopita.

Akasema taratibu, bila ukali wowote, "Kwa hiyo kwa dakika ishirini tulikuwa wanne tunatembea chini yake, na mmoja wetu tu alikuwa anajua."

Angenitukana ningelala usingizi mzuri zaidi.

Baridi Oslo

Niko Norwei, naenda milima ya Lyngen kila Aprili. Niweke hesabu hapa kwa wasiojua. Mtu akifukiwa kabisa, akitolewa ndani ya kama dakika 10 hadi 15 za kwanza, karibu tisa kati ya kumi hupona. Ikifika nusu saa na kidogo, ni kama watatu kati ya kumi. Wengi hufa kwa kukosa hewa, pumzi yao inaganda mbele ya mdomo inakuwa kifuniko. Baridi haijapata hata nafasi ya kuwaua. Sasa pigia hesabu: wanne wote wakifukiwa, ni nani anafukua? Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Aliyebaki juu ndiye daktari, ndiye polisi, ndiye kila kitu. Ndiyo maana mnapita mmoja mmoja.

Hapo hapo Utah, tarehe 6 Februari 2021, Millcreek, poromoko liliwakuta watu wanane wa makundi mawili. Wanne walikufa. Waliopona walifukuana wao kwa wao. Na sababu ilikuwa tabaka la sukari la aina hii hii.

NdiziMshare

@Baridi Oslo, asante. Millcreek ni bonde la jirani. Mzee aliwajua baadhi ya watu wa kule, haongei.

Sasa shusheni pumzi, maana siku haikuishia kwenye huzuni. Tuligeuza. Tulirudi kwa kukumbatia miti, mmoja mmoja, tukiukwepa ule uwanja, hadi tukafika kwenye mteremko wa miti ya aspeni, ile yenye magome meupe. Mwalimu akapima mwinamo kwa kidude chake: 26, 27, pakali kabisa 28. Hakuna kitu kikubwa juu yetu. Tukabandua ngozi.

Na hapo, ndugu zangu, nilisahau kila kitu. Theluji mpya ilikuwa ya kufika kwenye mapaja, baridi, haijaguswa. Ukiinama kidogo mbele skii zinazama, halafu zinaelea zenyewe, unasikia mwili umekosa uzito. Ukikata kona theluji inapanda kifuani, inakupiga mdomoni, huoni, unacheka na kumeza. Hakuna sauti. Hata skii hazina sauti, unasikia pumzi yako tu na mtu mwingine anapiga vigelegele huko katikati ya miti. Vigelegele kweli. Dada wa Bukavu alipiga vigelegele vya harusi kutoka juu hadi chini, na Mzee, ambaye alikuwa hajasema neno, akajibu kwa kubweka kama mbwa. Tulibandika ngozi tukapanda tena. Tulirudia mara tatu. Miguu ikakataa.

Tulikuwa tumekaa tunakula mkate na chapati nilizobeba (chapati haigandi vibaya kama mkate, chukueni hiyo) tulipowaona watu wawili juu ya ukingo, juu ya beseni letu.

Wakashuka. Wa kwanza akakata kona kubwa kubwa, kama mtu anayeandika jina lake, mavumbi meupe yanamfuata nyuma. Akafika chini, akainua fito. Wa pili naye akashuka. Wakapiga kelele za furaha, tukazisikia hadi pale tulipokuwa. Beseni halikusogea.

Dokta Feki

Si ndiyo hapo sasa! Kwa hiyo mlikosea. Ungenyamaza mngekula raha.

MamaKayai

We Dokta Feki, mtu akivuka barabara ya Morogoro amefumba macho akafika ng'ambo, utasema macho hayana kazi?

Wa Eldy

Mama amemaliza.

NdiziMshare

Hapana, @Dokta Feki ameuliza swali halali, hata mimi nilijiuliza. Hapo ndipo mlima unaponichanganya. Ukishika waya wa umeme vibaya, unakuadhibu saa hiyo hiyo, unajifunza. Mlima unaweza kukulipa kwa kosa mara thelathini. Tabaka la sukari halina unene mmoja kila mahali. Kuna sehemu ubao juu yake ni mnene, unakubeba. Kuna sehemu ni mwembamba, karibu na jiwe au kichaka, ukikanyaga hapo umebonyeza kitufe. Wale wawili hawakukanyaga kitufe. Hawajui kilikuwa wapi. Na mimi sijui. Huenda hata sisi tungeshuka salama, Mzee akanipiga bega, na mimi ningejifunza kwamba kunyamaza kunalipa.

Mnataka ukweli wa nilivyojisikia nilipowaona? Wivu. Wivu mtupu, wa kuumwa tumbo. Kwa sekunde kadhaa nilitamani beseni liporomoke nyuma yao, bila kumgusa mtu, ili tu nionekane nilikuwa sahihi. Nimeona niliandike, maana hakuna aliyeniuliza.

Mpagazi Mstaafu

Umesema kweli kijana. Na yule mzee wenu, alikuchukuliaje baada ya hapo?

NdiziMshare

Marahaba ya kwanza hukunipa, mzee wangu, ila nakujibu.

Ndani ya gari hakusema kitu hadi tulipofika mjini. Aliposimamisha gari kwangu akazima injini, akasema kosa lilikuwa lake. Nikabisha. Akasema amekuwa akiuliza "kuna mtu ana neno" miaka yote, na anaanza yeye kusema anachotaka kisha ndipo anauliza. Nani atajibu hapo? Nikamweleza habari ya wadogo na wakubwa kwetu, jinsi hata kwenye kikao cha ukoo mdogo husubiri. Alisikiliza sana. Akauliza, sasa huko kwenu mdogo akiona nyoka chini ya kiti cha babu anafanyaje? Nikacheka. Nikamwambia anapiga kelele "nyoka!", hakuna heshima kwenye nyoka. Akasema, basi.

Safari iliyofuata, wiki mbili baadaye, alibadilisha utaratibu. Kila kituo anauliza mmoja mmoja, na anaanza na mdogo. Yaani mimi. Yeye anazungumza wa mwisho kabisa, na haruhusiwi kusema anataka nini kabla hatujamaliza. Mara ya kwanza nilikaa kimya hadi ikawa aibu, wote wananitazama na fito zao. Nikasema sipendi upepo unavyorundika theluji kule juu kwenye upenu wa ukingo. Akatikisa kichwa, akahamia kwa mwalimu. Hakuna aliyekufa kwa kusikia neno langu.

Mpagazi Mstaafu

Marahaba, marahaba. Imenipita.

Kuna kijana wangu bado anabeba, njia ya Lemosho. Nitamtumia huu uzi. Sehemu ya kuuliza mmoja mmoja atamwonyesha kiongozi wake, akipata pa kuanzia.

Chura wa Msasani

Mkuu, uzi mzuri ila picha iko wapi? Uzi bila picha tutajuaje hukuandika ukiwa Tandika na feni limewashwa?

NdiziMshare

Simu ilizima kwa baridi saa nne asubuhi, betri huku haimalizi siku. Ninayo moja tu, ya chapati juu ya beleshi. Naipandisha jioni.

MamaKayai

Na mama yako anajua?

NdiziMshare

Anajua kuwa Jumamosi huwa natembea mlimani na watu wa kazini. Ukimfahamu, tafadhali.